Taji, Mkimbiaji na Kivuli cha Usiku: Uhakiki wa Istilahi katika Maelezo ya Kupanda Stroberi

Ni mazoea katika ofisi nyingi kuyagawa maandishi yanayohitaji kufasiriwa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mambo mazito, yaani sheria, mikataba na hotuba za bajeti. Hayo hukabidhiwa mfasiri mwenye ujuzi, na istilahi zake zikizua ubishi huulizwa wataalamu. Fungu la pili ni la mambo yanayodhaniwa kuwa mepesi, nayo hupewa karani yeyote ajuaye Kiingereza, mradi awe na kamusi mezani na siku mbili za nafasi. Maelezo ya kilimo cha bustani huangukia fungu hili la pili karibu kila mara.

Kijitabu tunachokusudia kukihakiki hapa kimetoka huko. Ni cha kurasa chache, kimefasiriwa kutoka Kiingereza, na kinaeleza namna ya kupanda na kutunza stroberi katika bustani ya nyumbani. Hatutamtaja aliyekitoa wala aliyekifasiri, kwa kuwa makosa yaliyomo si ya mtu mmoja. Ni ya njia ya kufanya kazi ambayo tumeizoea sote. Wala hatusemi kwamba Kiswahili chake ni kibovu. Upatanisho wa kisarufi ni safi, sentensi zimekamilika, na mwalimu wa lugha akikipitia kwa kalamu nyekundu atapata kidogo sana cha kusahihisha. Kasoro yake ni nyingine, nayo ni kubwa zaidi: mtu akiyafuata maagizo yake kama yalivyoandikwa, miche yake itakufa. Mwananchi aliyenunua miche ishirini kwa fedha zake, akatayarisha udongo kwa mikono yake, hana njia ya kujua kwamba aliyemwangusha ni mfasiri. Atasema stroberi haikubali kwake, na hatapanda tena.

Tuanze na jina la mmea wenyewe, ambalo halitatuchukua muda. Mfasiri ameandika "stroberi" mahali pengi, "strauberi" mahali pawili, na katika ukurasa mmoja "forosadi". Hili la mwisho lifutwe. Forosadi ni tunda la mforosadi, mti ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri. Ni jina lenye mwenyewe, na halifai kuazimwa kwa tunda jingine kwa sababu tu yote mawili ni madogo na yana rangi nyekundu yanapoanza kuiva. Wapo pia waliopendekeza tuunde jina la Kiswahili kwa kuzingatia sehemu za neno la Kiingereza, tupate "tunda-nyasi" au mfano wake. Hatuoni faida. Stroberi ya bustani haina jina la kale popote, kwani yenyewe si ya kale: ilitokana na kuchanganyika, katika bustani za Ulaya, kwa aina mbili za Amerika, moja ya kaskazini na moja ya Chile, iliyoletwa Ufaransa na Amédée-François Frézier mwaka 1714. Mtaalamu wa mimea Antoine Nicolas Duchesne ndiye aliyeeleza asili hiyo ya mchanganyiko mwaka 1766. Kitu kilichofika nacho jina lake kibaki nalo, na watu wameshalipokea. Tuandike "stroberi" kwa tunda na "mstroberi" kwa mmea, kama tusemavyo nyanya na mnyanya, nanasi na mnanasi. Anayeona konsonanti tatu mwanzoni ni mzigo aseme apendavyo mdomoni, ila maandishini tuwe na tahajia moja.

Sasa tufike penye uzito. Mmea wa stroberi hauna shina refu. Shina lake limefupika hata likawa kama kifundo kinene, kirefu sentimita chache tu. Upande wa chini hutoka mizizi. Upande wa juu hutoka majani, maua na matawi yatambaayo. Kileleni, katikati ya majani, ndipo kilipo kichipukizi ambamo majani mapya yote huzaliwa. Kanuni ya kupanda ni moja, na mwenye kuikosa amekosa kila kitu: mizizi yote ifunikwe, na kile kichipukizi kibaki juu ya udongo. Kikifukiwa, huoza. Mche ukipandwa juu mno, mizizi iliyo karibu na shina hubaki nje na kukauka. Tofauti ya uzima na mauti hapa ni sentimita mbili tatu.

Waingereza wamelipa shina hilo fupi jina lenye maana ya taji, nao wanaelewana kwa sababu wamezoea. Mfasiri wetu akaandika: "Panda mche ili taji lake liwe usawa wa udongo." Sarufi haina dosari. Lakini taji kwa msemaji wa Kiswahili ni kitu cha kuvaliwa kichwani. Ni pambo la juu kabisa, linaloonekana na kila mtu. Mtu aliyeshika mche wa stroberi mkononi, akaambiwa atafute taji lake, ataangalia wapi? Ataangalia juu, kwenye majani. Kisha atatii agizo: atayashusha majani mpaka yawe usawa wa udongo, na kile kichipukizi kilichomo katikati yake atakifukia. Baada ya wiki mbili au tatu mche umeoza. Hapana kosa la mkulima. Ametii neno kwa neno.

Tunapenda kupendekeza kipimo ambacho kingefaa kutumiwa na kila mfasiri wa mambo ya mikono, iwe kilimo, ufundi wa magari au huduma ya kwanza. Atafutwe mtu asiyejua Kiingereza, apewe kitu chenyewe, kisha asomewe istilahi na aombwe kuigusa kwa kidole sehemu inayotajwa. Kidole kikienda mahali pasipo pake, istilahi hiyo haifai, hata kama imepitishwa na vikao vitatu. "Taji" haliwezi kushinda jaribio hilo.

Badala yake twaweza kusema nini? Kiswahili kina neno "moyo" kwa sehemu ya ndani ya mmea inayochipua, kama tusemavyo moyo wa mnazi, na wakulima wengi watalielewa pasipo kufundishwa. "Usiufukie moyo wa mche" ni agizo ambalo halihitaji mchoro. Lakini moyo ni ile sehemu ya juu tu, si shina lote; na yapo maagizo mengine, kama lile la kuugawa mmea mkongwe, ambayo huhitaji kulitaja shina zima. Kwa shina zima tunapendekeza "kishina". Hivyo kanuni ya kupanda itasomeka hivi: "Fukia mizizi yote na nusu ya chini ya kishina, moyo ubaki wazi."

Msomaji wa jarida hili atakumbusha, na kwa haki, kwamba kanuni ya uundaji wa istilahi hutaka dhana moja iwe na neno moja, na sisi hapa tumeleta maneno mawili mahali Kiingereza kina moja. Jibu letu ni kwamba kanuni hiyo husema juu ya dhana, haisemi juu ya maneno ya Kiingereza. Kiingereza kimeziweka dhana mbili chini ya jina moja, na mkulima wa huko hutenganisha kwa mazoea aliyorithi. Hatulazimiki kuuazima utata wa lugha nyingine pamoja na ujuzi wake. Hata hivyo, tunakiri ugumu mmoja: kamati za istilahi hupenda orodha zenye safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na neno lenye majibu mawili huonekana kama kazi iliyoachwa nusu. Pengine safu ya tatu, ya maelezo mafupi, ingefaa kuongezwa katika orodha za kilimo.

Linalofuata ni tawi jembamba ambalo mstroberi hulitoa likatambaa juu ya udongo, na kwenye kifundo chake likazaa mche mpya wenye mizizi yake. Mfasiri ameliita "mkimbiaji", na kwa kuwa alilitia katika ngeli ya watu, tumejikuta tukisoma: "Wakate wakimbiaji wote wanaojitokeza mwaka wa kwanza." Sentensi hii ikisomwa nje ya bustani yaweza kumfanya mtu aite polisi. Tusicheke tu, bali tuulize neno gani lingefaa, kwa maana jibu si rahisi kama linavyoonekana.

Neno la kwanza linalokuja ni "ukono", ambalo kamusi hulitaja kwa ule uzi wa mmea unaotambaa na kujishikiza, kama wa mboga za jamii ya maboga. Umbo linakaribiana, kazi hailingani. Ukono hushika, hauoti mizizi wala hauzai mmea. Neno la pili ni "rando", au kwa wingi "marando", ambalo wakulima wa viazi vitamu wanalijua vizuri sana. Hili lina nguvu kubwa: ni tawi litambaalo, huota mizizi kwenye vifundo, na hutumika kuendeleza mmea. Tungependa kulipokea papo hapo. Lakini rando la kiazi hukatwa likiwa halina mizizi, likachomekwa tutani, likaota. Mtu akifanya hivyo kwa stroberi, akachukua kipande cha tawi tupu na kukipanda, hatapata kitu. Tawi la stroberi halina budi kuachwa limeungana na mama mpaka mche ulio kwenye kifundo uwe umeshika udongo kwa mizizi yake, ndipo hukatwa. Kwa hiyo jina lenye mvuto kuliko yote ndilo lenye hatari ya kumpeleka mkulima kwenye tabia asiyotakiwa kuwa nayo.

Baada ya kupima, sisi tunaelekea "rando la stroberi", kwa sharti kwamba palipotajwa mara ya kwanza pafuatwe na sentensi moja ya tahadhari. Wengine wangependa "tawi tambazi", na hatuna ugomvi nalo darasani; mwalimu wa elimu ya viumbe aweza kulitumia bila hofu. Bustanini, hata hivyo, tunaona neno linalojulikana likiwa na onyo ni bora kuliko neno jipya lisilo na sura. Na huo mche mdogo ulio kwenye kifundo, ambao kijitabu kimeuita "mmea binti", una jina tayari. Wapandao migomba hawana mabinti shambani. Wana watoto wa mgomba, na mgomba mama. Tuseme mama na mtoto, basi.

Katika sehemu hiyo hiyo ya kijitabu limo kosa ambalo halikuletwa na Kiingereza hata kidogo, nalo limetushtua zaidi kuliko la wakimbiaji. Imeandikwa: "Mche utoe maua yote katika wiki za kwanza." Kusudi la mwandishi wa asili lilikuwa maua ya kwanza yaondolewe, ili nguvu ya mche mchanga iende kwenye mizizi na majani. Mfasiri alifikiri anasema na mkulima: wewe, utoe maua. Lakini kiambishi "u" ni cha nafsi ya pili na ni cha ngeli ya mti pia. Na kitenzi "toa" huwa na maana ya kuondoa na maana ya kuchanua. Msomaji anayeisoma sentensi hiyo anaelewa kwamba mche unatakiwa kuchanua kwa wingi tangu mwanzo, na asipoona maua ataongeza mbolea. Agizo limegeuka kinyume chake kamili, na kila neno lililotumika ni Kiswahili fasaha. "Kata maua yote ya mwanzo" ingetosha. Wafasiri waliozoea kujilinda dhidi ya Kiingereza yafaa wajilinde na Kiswahili pia.

Kuhusu mahali pa kupandia, kijitabu kinasema "kitanda" katika kurasa za mwanzo, kisha "kitalu", kisha "tuta", kana kwamba ni kitu kimoja. Kitanda ni cha kulalia. Kitalu ni mahali pa kuoteshea miche kabla ya kuhamishwa. Stroberi hukaa mahali pake zaidi ya msimu mmoja, kwa hiyo si kitalu. Jaruba, ambalo mfasiri hakulitaja, ni eneo lililozungushiwa kingo ili lihifadhi maji, nalo ni kinyume cha kinachotakiwa, maana mizizi ya stroberi haivumilii maji yaliyotuama. Linalobaki ni tuta, lililoinuliwa ili maji yatiririke. Ielezwe tu kwamba si tuta lenye mgongo mwembamba kama la viazi, bali ni pana na bapa juu, la upana wa mita moja hivi, ili mtu afikie katikati kwa mkono akiwa amesimama pembeni pasipo kulikanyaga. Nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche imetajwa sawasawa, na udongo wenye uchachu kidogo, wa kipimo cha pH 5.5 hadi 6.5, pia umeelezwa vizuri.

Yafaa tuseme mahali mfasiri alipofaulu kwa njia ile ile iliyomwangusha kwingine, ili tusidhaniwe kuwa tunapinga tafsiri ya neno kwa neno popote ilipo. Kuna mtindo wa kuyaacha marando yajaze nafasi iliyo kati ya miche hadi safu yote ifumane. Waingereza huufananisha na mkeka, na mfasiri akaandika "safu ya mkeka". Neno hili ni zuri. Mtu aliyewahi kuona ukili ukisukwa na kushonwa atauelewa mtindo huo kabla hajausoma. Ukurasa uo huo, ule mtindo wa pili, ambamo marando yote hukatwa na kila mmea huachwa ukue peke yake, umeitwa "mfumo wa vilima". Mtindo huu hauhitaji kilima. Jambo lake ni upweke wa kila mmea. Msomaji atarundika udongo kuzunguka kila mche, na kwa kurundika ataufukia moyo, akarudi palepale tulipoanzia. "Mtindo wa mche pekee" ungemfikisha. Sitiari ya mkeka imevuka bahari kwa kuwa mikeka ipo pande zote mbili na hufanya jambo lile lile. Ile ya kilima haikuvuka.

Sasa tutazame sentensi fupi iliyomo karibu na mwisho, ambayo pengine ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote: "Usipande stroberi mahali palipokuwa na mimea ya familia ya kivuli cha usiku." Tumejaribu kujiweka mahali pa msomaji, na tafsiri pekee iliyotujia ni kwamba kuna mimea ipendayo kivuli wakati wa usiku, au kwamba mahali hapo pasiwe na mti. Kumbe kinachotajwa ni jamii ya mimea ambayo mwakilishi wake tunamla kila wiki. Ni mnavu. Jamii hiyo ndiyo yenye nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo, yaani karibu nusu ya bustani ya nyumbani. Sababu ya katazo ni ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na kuvu aitwaye Vertisilium, ambaye hushambulia mimea hiyo, hubaki udongoni kwa miaka mingi, kisha huushambulia mstroberi. Mwenye bustani aliyevuna nyanya mwezi uliopita, akaona tuta lake limelegea vizuri na lina samadi, atapanda stroberi hapo hapo, maana hakuambiwa lolote linaloeleweka.

Na jina lilikuwapo. Halikuhitaji kuundwa, halikuhitaji kikao. Mama yeyote achumaye mboga angelitaja. Lililokosekana ni mfasiri kuinuka kitini na kuuliza, au walau kulitafuta jina la kisayansi la jamii hiyo, Solanaceae, na kulifuata mpaka kwenye jina la kienyeji. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu katika mijadala yetu ya istilahi tumetumia nguvu nyingi kubishana juu ya kukopa na kuunda, na nguvu chache juu ya kutafuta. Katika kilimo, kutafuta ndiyo njia ya kwanza. "Jamii ya mnavu na nyanya": maneno matano, na hakuna anayekosea.

Tatizo la majira lina sura yake ya pekee. Kijitabu kinasema "panda mwanzoni mwa masika". Maandishi ya asili, bila shaka, yalitaja majira ya kuchipua ya nchi za kaskazini, ambapo barafu imeyeyuka na jua linaanza kupata nguvu. Masika yetu ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Hakuna wakati mbaya zaidi wa kumwambia mtu apande mche unaoogopa maji yaliyotuama. Kadhalika imeagizwa miche ifunikwe kwa nyasi ifikapo Novemba kwa ajili ya jalidi. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania hupata jalidi, ni kweli, lakini huipata Juni na Julai, wakati wa kipupwe. Tena kuna agizo la kuchagua upande wa kusini wa nyumba, ambalo lina maana kubwa kwa mtu wa Uingereza na halina maana kwa mtu wa Limuru, aliye karibu kabisa na ikweta na ambaye jua humpitia pande zote mbili katika mwaka. Hapa kosa si la istilahi tu. Majira hayafasiriki, hubadilishwa na mtu ajuaye kilimo cha mahali. Mfasiri aliyefika kwenye neno la majira yampasa aweke kalamu chini na kumwendea bwana shamba au bibi shamba, na tafsiri ya kilimo isiyo na saini ya mtu huyo isichapishwe.

Pamoja na majira yako maneno ya urefu wa mchana. Stroberi zimegawanywa katika aina kwa jinsi zinavyoanza kuchanua. Zipo ambazo hufanya maua mchana ukiwa mfupi, usiozidi saa 14 hivi, au hali ikiwa ya baridi. Na zipo zinazochanua bila kujali urefu wa mchana. Kijitabu kimeziita za kwanza "stroberi za Juni", kwa kuwa ndipo huiva huko kwao, na pengine "stroberi za siku fupi". Jina la Juni halisemi lolote kwetu. Lakini "siku fupi" lina mtego. Mkulima anayo tayari dhana ya mbegu za siku chache au za muda mfupi, na kwake ni mahindi yanayokomaa upesi. Akisoma "stroberi za siku fupi" atadhani amepata aina inayowahi kuzaa. Siku, kwa Kiswahili, ina saa 24 na haifupiki. Kinachofupika ni mchana. Tuseme "stroberi za mchana mfupi" na "stroberi zisizojali mchana". Kijitabu kimeziita hizi za pili "zisizofungamana na siku", kwa lugha ya nchi zisizofungamana na upande wowote, na tunadhani zitapendeza zaidi Umoja wa Mataifa kuliko bustanini.

Mwalimu atakayelifundisha somo hili angeweza kuongeza jambo ambalo mfasiri hakupaswa kulijua. Lushoto ipo karibu digrii tano kusini ya ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi kabisa huko ni nusu saa na dakika chache. Kwa stroberi, mchana wa kwetu ni mfupi mwaka mzima. Kinachoamua zaidi ni ubaridi, ndiyo maana zao hili hupenda milima. Hivyo mgawanyo ambao kwa msomaji wa kaskazini ni wa kalenda, kwa msomaji wetu ni wa mwinuko wa nchi, na ukurasa mzima wa jedwali la miezi uliomo kijitabuni ungeweza kuachwa.

Kuhusu kufunika udongo, mfasiri ametumia "matandazo", na tumefurahi. Hili ni neno ambalo limetoka kwenye kitenzi kinachojulikana, likapokelewa na maofisa wa kilimo, likaingia katika mashamba ya kahawa na migomba, na leo hakuna anayeuliza lilitoka wapi. Tunda la stroberi hulala chini, na likigusa udongo wenye maji hushikwa na ukungu wa kijivu. Nyasi kavu zilizotandazwa chini yake humkinga. Neno "matandazo" linamwambia mtu la kufanya: atandaze. Ndiyo sifa tuliyoitafuta katika "kishina" na "moyo", na hatujui kama tumeipata kwa kiwango hicho.

Mavuno yameelezwa kwa mistari mitatu, na miwili ni mizuri. Wa tatu unasema tunda lichumwe "pamoja na mkia wake". Mkia ni wa mnyama. Tunda lina kikonyo, kama embe lilivyo na kikonyo, na yale majani madogo ya kijani yaliyolishika tunda yaweza kuitwa kofia pasipo hasara. Tunda lichumwe likiwa na kofia na kipande cha kikonyo, kwa kulikata kwa kucha au mkasi, maana likivutwa hupondeka. Kwa walimu tu tutaje kwamba sehemu ile nyekundu tuilayo, kwa kipimo cha elimu ya mimea, si tunda, bali ni kitako cha ua kilichovimba. Na zile tembe ndogo za nje tunazoziita mbegu, kila moja ndiyo tunda, lenye mbegu ndani yake. Hatupendekezi lugha ya sokoni ibadilishwe kwa sababu hiyo. Ila kamusi isiseme kwamba stroberi ni "tunda lenye mbegu nje" kana kwamba ni fasili ya kisayansi.

Yamebaki maneno mawili ambayo hatukuyapatia ufumbuzi. La kwanza ni rando, kwa sababu tulizozitoa. La pili ni kitendo cha kuufupisha mmea mkongwe baada ya mavuno, kwa kukata majani yake yote bila kuugusa moyo. "Kupogoa" hutumika kwa matawi ya miti, na "kufyeka" kuna ukali mno. Wanaolima stroberi Lushoto, Njombe, Limuru na kwingineko katika nyanda za baridi bila shaka wana namna ya kuyataja mambo haya wanapokuwa kazini. Tunawaomba walimu na maofisa wa kilimo walio karibu nao wayasikilize maneno hayo, wayaandike pamoja na mahali yalikosikika na sentensi nzima yalimotumiwa, na wayapeleke kwa mhariri kabla orodha ya istilahi za bustani haijafungwa.